Unga Mmoja, Tabia Mbili: Sayansi ya Biskuti za Siagi

Kila mwanafunzi aliyewahi kukaa jikoni amelishuhudia jambo hili. Mpishi huchota unga wa ngano katika mfuko mmoja. Sehemu ya unga huo huikanda kwa maji na chumvi, huiacha ipumzike, kisha huisukuma na kuichoma. Matokeo yake ni chapati, ambayo hukunjwa bila kuvunjika na ambayo, ikivutwa, hunyumbuka kabla ya kukatika. Sehemu nyingine huichanganya na siagi na sukari, kisha huioka. Matokeo yake ni biskuti isiyokunjika hata kidogo, bali humumunyika mara inapotiwa kinywani. Siku ya pili tofauti hiyo hugeuka: chapati iliyolala imekuwa ngumu, na biskuti iliyoachwa wazi imekuwa laini.

Mfuko ni mmoja na unga ni ule ule. Ni kitu gani basi kilichoupa tabia mbili zinazopingana? Jibu fupi ni kwamba tofauti kubwa hutokana na maji: ni kiasi gani cha maji kiliufikia unga, na kiliufikia wakati gani. Katika makala haya tutalifuata jibu hilo hatua kwa hatua kwa kuitazama biskuti ya siagi, ile yenye asili ya Uskoti, ambayo siku hizi huandaliwa mara nyingi mbili mbili, zikiwa zimegandanishwa kwa jemu au krimu. Nankhatai inayookwa katika miji yetu ya pwani ni ya jamii hiyo hiyo, isipokuwa yenyewe hutumia samli mahali pa siagi. Kwa hiyo mengi yatakayosemwa hapa yanaihusu pia.

Jambo hili si la udadisi mtupu. Siagi ni ghali. Mpishi mgeni anapoona mchanganyiko wake haushikani, mkono wake wa kwanza huwa ni kuongeza maji kidogo ili donge likae pamoja. Biskuti zikitoka ngumu kama kigae, hulaumu unga au jiko, na mara ya pili hurudia kosa lile lile. Anayeelewa kazi ya maji hatalirudia.

Gluteni ni nini?

Unga wa ngano una wanga kiasi cha asilimia 70 hivi, protini kati ya asilimia 8 na 13 kufuatana na aina ya ngano, na unyevu wa asilimia 13 au 14. Miongoni mwa protini hizo ziko mbili zinazotuhusu, nazo ni gliadini na glutenini. Unga ukiwa mkavu, protini hizi zimelala tu pembeni mwa chembe za wanga. Zikipata maji huvimba na kushikana, na mkono ukikanda hujinyoosha na kufungamana, hata zikafanya wavu mmoja mpana unaoitwa gluteni. Gliadini huupa wavu huo uwezo wa kuvutika, na glutenini huupa uwezo wa kurudi ulipokuwa. Huo ndio wavu unaoifanya chapati inyumbuke na mkate uhifadhi hewa.

Mtu aliyeandika kwa mara ya kwanza habari za kuitenga gluteni kutoka katika unga ni Jacopo Bartolomeo Beccari, mwanasayansi wa mji wa Bologna, Italia, ambaye taarifa yake ilichapishwa mwaka 1745. Njia yake ilikuwa rahisi: kulikanda donge la unga na kulikosha kwa maji. Mahindi, mchele, mtama na muhogo havifanyi wavu wa namna hii. Ndiyo sababu ugali, hata ukisongwa kwa nguvu namna gani, hauwezi kusukumwa ukawa chapati.

Kwa mwoka mikate gluteni ni rafiki. Kwa mwoka biskuti za siagi ni mgeni wa kukaribishwa kidogo tu: asipokuwapo kabisa biskuti itakuwa vumbi, na akizidi itakuwa kigae.

Mafuta kama kizuizi

Mtu aliyejipaka mafuta mwilini akimwagiwa maji, maji hujikusanya katika matone na kuteleza. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa sababu molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kuliko zinavyovutana na molekuli za mafuta. Mpishi hulitumia jambo hili hili anapofikicha siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole. Kila punje ya unga hupakwa utando mwembamba wa mafuta. Maji yakija baadaye hukuta mlango umefungwa: protini haziloani vizuri, na zile zinazoloana hazifikiani. Badala ya wavu mmoja mpana hupatikana vipande vidogo vidogo vilivyotengwa na mafuta. Biskuti ikiumwa, ufa hupita katika sehemu hizo za mafuta bila kukutana na kizuizi, nayo humumunyika.

Jina la biskuti hii katika Kiingereza lina neno ambalo sisi hulifahamu kwa maana ya “fupi”. Katika lugha hiyo tangu zamani neno hilo lilitumika pia kwa chakula chenye kuvunjika kwa urahisi. Walioliteua hawakujua habari za gluteni, lakini jina limeafiki sayansi, kwani kazi ya mafuta ni kuzifanya nyuzi za gluteni zibaki fupi.

Sukari nayo husaidia. Sukari hupenda maji, na maji machache yaliyomo huyavuta upande wake kabla protini hazijayapata. Hata hivyo punje kubwa za sukari haziyeyuki zote, hubaki zikisagika menoni, na zinapoyeyuka motoni huifanya biskuti itapakae. Kwa hiyo sukari ya unga, au sukari ya kawaida iliyosagwa ikawa laini, ni bora zaidi.

Vipimo na hesabu yake

Kipimo cha asili cha biskuti ya siagi ni rahisi kukumbuka: sehemu 1 ya sukari, sehemu 2 za siagi na sehemu 3 za unga, kwa uzito. Kwa mfano, gramu 100 za sukari, gramu 200 za siagi na gramu 300 za unga, pamoja na chumvi chembe. Donge hilo la gramu 600, likisukumwa kwa unene wa milimita 5 na kukatwa miduara ya sentimita 5, hutoa biskuti 50 hivi, yaani jozi 25.

Msomaji atauliza: mbona hakuna maji? Maji yamo ndani ya siagi. Siagi ina mafuta asilimia 80 hadi 82, na maji asilimia 16 hivi. Kwa hiyo gramu 200 za siagi huleta gramu 32 za maji. Donge la mkate la gramu 300 za unga huhitaji maji gramu 180 hivi. Biskuti basi hupata chini ya sehemu moja ya tano ya maji ya mkate. Kiasi hicho huruhusu gluteni kidogo inayoshikilia umbo, wala si zaidi. Mpishi anayeongeza vijiko viwili vya chakula vya maji, ambavyo ni gramu 30, ameyafanya maji yake kuwa karibu mara mbili.

Hesabu hii hutuonyesha pia tofauti ya samli. Samli ni siagi iliyochemshwa hata maji yake yakatoka, hivyo karibu yote ni mafuta. Anayetaka kuitumia badala ya gramu 200 za siagi achukue gramu 160 hivi tu. Akitumia gramu 200 kamili, mafuta yatazidi na biskuti itavunjikia mkononi. Nankhatai huwa tifutifu kuliko biskuti ya siagi kwa sababu donge lake la samli huwa na maji machache mno.

Margarini ilibuniwa mwaka 1869 na mkemia Mfaransa, Hippolyte Mège-Mouriès. Ile ya kawaida ina mafuta na maji kwa kiasi kinachokaribiana na siagi, nayo hufaa. Lakini madukani zipo pia margarini za kupaka zenye mafuta machache, ambazo nusu yake au zaidi huweza kuwa maji. Hizo hazifai kwa kazi hii, na asiyesoma maandishi ya kopo atashangaa kwa nini biskuti zake zimekuwa ngumu. Mwenye unga wenye protini nyingi anaweza kuipunguza gluteni kwa njia nyingine: aondoe gramu 50 za unga wa ngano na kutia gramu 50 za unga laini wa mchele. Waskoti wenyewe wana desturi hiyo.

Jinsi ya kutengeneza

Chekecha unga, sukari na chumvi pamoja. Katakata siagi vipande vidogo na uifikiche ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka mchanganyiko ufanane na chenga. Hapo siagi iwe baridi kiasi, lakini isiwe ngumu. Siagi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 32 hadi 35, na mchana wa Dar es Salaam au Mombasa huweza kuikaribia hali hiyo. Siagi iliyoyeyuka huachana na maji yake, na maji hayo huenda moja kwa moja kwenye unga. Kwa hiyo katika nchi ya joto ni vema kufanya kazi hii asubuhi, na kutumia ncha za vidole wala si kiganja, kwani kiganja kina joto zaidi.

Endelea kubana mchanganyiko polepole. Mwanzoni utaonekana kama hautashikana kamwe. Usiongeze maji. Joto kidogo la mkono hulainisha siagi, na baada ya dakika chache donge litajikusanya lenyewe. Likishajikusanya, acha, kila mkando wa ziada huijenga gluteni. Lifunike, ulipumzishe mahali pa baridi kwa nusu saa ili mafuta yagande tena, kisha lisukume juu ya kibao cha chapati na ukate miduara. Zitoboe kwa uma ili mvuke upate njia, kwa maana biskuti za kugandanishwa sharti ziwe bapa. Kwa sababu hiyo hiyo haitiwi hamira wala baking pauda.

Yanayotokea motoni

Tanuri liwe na joto la sentigredi 160 hivi, na biskuti zikae humo dakika 18 hadi 20. Kwanza mafuta huyeyuka. Ikiwa donge halikupumzishwa, biskuti hutapakaa hapa. Joto likipita sentigredi 60, chembe za wanga zingependa kuvimba kama zinavyovimba katika uji, lakini maji hayatoshi, hivyo nyingi hubaki kama zilivyo. Baadaye protini huganda na kushikilia umbo. Maji hutoka kuwa mvuke, na pembeni, mahali palipokwisha kukauka, joto hupanda hadi kupita 140. Hapo protini na baadhi ya sukari huungana na kutoa rangi ya hudhurungi na harufu nzuri. Mabadiliko hayo ya kikemia yaliandikwa kwanza na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, nayo hubeba jina lake hadi leo.

Biskuti ya siagi hutolewa ingali nyeupe, kingo zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi. Ikiguswa wakati huo ni laini, na wengi hudhani haijaiva, wakairudisha motoni hadi ikaungua. Ulaini huo unatokana na mafuta yaliyo katika hali ya umajimaji. Ikipoa, mafuta huganda na sukari hukakamaa, nayo huwa thabiti.

Asiye na tanuri anaweza kuoka kwa sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini na makaa machache juu ya kifuniko, kama wafanyavyo wapishi wengi wa mikate na vitumbua vya kuoka. Joto hufika kwa njia zote tatu tunazofundishwa katika fizikia: kwa mpitisho, kupitia mchanga na bati, kwa myuko, hewa ya moto inapozunguka, na kwa mnururisho, kutoka kwenye kifuniko. Kwa kuwa hakuna kipimajoto, oka kwanza biskuti moja ya majaribio na uone inavyokwenda. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua.

Maji yanarudi: habari ya kujaza

Biskuti iliyookwa vizuri hubaki na maji asilimia chache tu. Jemu ina maji kiasi cha theluthi moja. Vikigusana, maji hutoka kwenye jemu, ambamo yana uhuru zaidi wa kuhama, na kuingia kwenye biskuti, ambamo yana uhuru mdogo, mpaka uhuru huo ulingane pande zote mbili. Kwa hiyo jozi iliyojazwa jemu jioni huwa imelegea kesho yake.

Zipo njia tatu za kuyazuia maji hayo. Ya kwanza ni kuichemsha jemu tena kidogo ili ipunguze maji, na kuiacha ipoe kabla ya kuipaka. Ya pili ni kupaka uso wa ndani wa biskuti utando mwembamba wa siagi au chokoleti iliyoyeyushwa, ukishaganda ndipo upake jemu. Hapa mafuta hufanya tena kazi ile ile ya kizuizi. Ya tatu ni kujaza krimu badala ya jemu, yaani sehemu 1 ya siagi iliyopondwa na sehemu 2 za sukari ya unga. Katika krimu hiyo maji ni machache na yameshikwa na sukari, hivyo hayatoki upesi.

Hewa yenyewe nayo ina unyevu, hasa pwani. Biskuti zihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana, lakini zikiwa zimepoa kabisa. Zikifungiwa za moto, mvuke wake hugeuka matone na kuzilowesha. Biskuti isiyojazwa, ikilegea, hurudishwa katika tanuri la joto dogo kwa dakika chache, ikakauka na kuwa kama mwanzo. Ndipo tunapofahamu fumbo la siku ya pili: biskuti hulegea kwa kuingiwa na maji, ilhali mkate na chapati hukakamaa hasa kwa sababu molekuli za wanga uliovimba hujipanga upya na kushikana.

Jaribio la darasani

Walimu wengi hulalamika kwamba maabara hazina vifaa. Jaribio lifuatalo lahitaji mizani, rula, uzi, mchanga na kopo tupu.

Tengeneza madonge matatu, kila moja la gramu 90 za unga, gramu 30 za sukari na gramu 50 za samli. Donge A lisitiwe maji. Donge B lifikichwe kwa samli kwanza, ndipo litiwe gramu 15 za maji. Donge C litiwe kwanza gramu 15 za maji katika unga mkavu na kukandwa dakika tano, ndipo litiwe samli na sukari. Sukuma yote kwa unene wa milimita 5, kata vipande vya sentimita 10 kwa 2, na uvioke pamoja kwa muda mmoja. Vikipoa, weka kipande juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 8, ning'iniza kopo katikati kwa uzi, na ulitie mchanga polepole mpaka kipande kivunjike. Pima kopo pamoja na mchanga wake. Rudia kwa vipande vitano vya kila donge na utafute wastani.

Wanafunzi waandike utabiri wao kabla ya kuanza. Kisha wajibu maswali haya:

1. Madonge B na C yana vitu vile vile kwa uzito ule ule. Ikiwa nguvu zake zimetofautiana, ni nini kilichosababisha?
2. Kwa nini tumetumia samli wala si siagi?
3. Kwa nini unene wa vipande sharti uwe mmoja?
4. Pima uzito wa biskuti iliyoachwa wazi kila siku kwa siku tano. Uzito huongezeka au hupungua, na kwa nini?

Kwa kumalizia jaribio, kanda gramu 100 za unga kwa gramu 60 za maji, acha nusu saa, kisha likoshe donge ndani ya bakuli la maji mpaka maji yasiwe meupe tena. Tone la ayodini likitiwa katika maji ya kwanza litageuka buluu nyeusi, ishara ya wanga. Kitakachobaki mkononi, chenye kuvutika kama mpira, ni gluteni ile ile aliyoishika Beccari. Mwanafunzi aliyeishika kwa vidole vyake hatahitaji kukumbushwa kwa nini maji hayaongezwi katika donge la biskuti.